Tunasaidia Tu

Shamba la Bwana Kofia,
Keringet,
12 Februari 1956

Mama yangu Awuor,

Kwanza unisamehe. Miezi saba bila barua ni mingi, na siwezi kusingizia posta, maana mfuko wa barua hupita hapa kila Ijumaa kwenda Molo, na kila Ijumaa nimeuona ukipita. Mwanzo nilinyamaza kwa hasira, unaijua ni hasira gani. Baadaye hasira ikaisha, nikanyamaza kwa aibu ya kunyamaza. Halafu mtoto akazaliwa, na tangu siku hiyo sina sababu nyingine ila usingizi. Hata sasa ninaandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya debe la maji, kwa sababu nikikaa nitalala.

U hali gani? Mgongo je? Na vidole vyako, sabuni imeviachia ngozi kidogo? Sisi tu wazima. Naliaka amemaliza kukohoa, anauliza bibi wa mabuluu yuko wapi, yaani wewe na ule unga wa buluu wa kufulia uliompaka puani siku ile tulipoondoka. Wamalwa anakusalimu sana. Anasema bado anayaogopa macho yako.

Mtoto ni msichana. Tumemwita Awuor. Mama mkwe aliposikia aliuliza kwa nini mjukuu wake wa Kibukusu apewe jina la Kijaluo, na Wamalwa akamjibu, "Kwa sababu aliyemlea mama yake ni huyo."

Blanketi uliyotuma na dereva wa lori ilifika. Haikuwa na barua wala neno, ilikuwa na harufu ya hoteli tu, sabuni na pasi. Ilifika siku tatu kabla mtoto hajazaliwa, na Keringet huku baridi ya asubuhi hugandisha maji ya bata. Nilijua ni wewe. Nililia, na alipozaliwa nikamfunika nayo mjukuu wako. Mimi nilikuwa nimekukasirikia, na wewe ulikuwa unapima urefu wa blanketi. Asante, Mama. Nilipaswa kulisema neno hilo zamani.

Nakumbuka ulivyosema mlangoni: "Kazi ya shamba haina kesho. Kaa hapa, nikuombee nafasi ya kufua hotelini. Wazungu hawataacha kuchafua shuka." Nami nikakujibu vibaya. Sasa nikwambie kazi ilivyo, ili ukiendelea kuidharau uidharau ukiijua.

Tunachuma pareto. Ni ua jeupe, dogo, la kutengenezea dawa ya wadudu, lina jicho la njano. Unapitisha vidole katikati ya mabua, unakata vichwa, unatupa kikapuni. Jioni kikapu kinapelekwa mizanini, kisha maua yanaenda kwenye nyumba ya kukaushia. Mwanamume ana tikiti, karatasi ngumu yenye visanduku thelathini. Kikapu chake kikitosha, nyapara Kipkemei anatia alama kisanduku kimoja, na hiyo ndiyo siku moja ya kazi. Lakini wanaume huitwa kila saa, mara kuni za kukaushia, mara zizi la ng'ombe, mara gari limekwama. Kwa hiyo kikapu tunakijaza sisi wake zao, na watoto mgongoni. Maua ni yangu, alama ni ya Wamalwa. Hapa ndivyo ilivyo kwa kila nyumba na hakuna anayeuliza.

Jana Kipkemei alitangaza kwamba atakuja karani kuhesabu watu wa kazi. Anapita mashamba yote kutoka Molo hadi Nakuru. Wenye mashamba wanataka kujua kazi zilizopo leo ni ngapi, na ifikapo mwaka 1961 watahitaji watu wangapi. Wanasema ngano itachukuliwa na mashine, na pareto itaongezeka. Wanawake hawana raha. Wewe uliye mjini, unajua huku kuhesabu ni kwa nini?

Nina usingizi. Awuor mdogo analitafuta titi usingizini mwake.

Ni mimi mwanao,
Nekoye


Hotelini, Nakuru,
9 Machi 1956

Nekoye binti yangu,

Nimekusamehe kabla hujamaliza mstari wa kwanza, halafu nikausoma hadi mwisho nikakasirika tena kidogo. Miezi saba! Ningekufa ungeandikia nani?

Mimi mzima. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Vidole usiviulize.

Kwa jina la mtoto nimepewa heshima kubwa, lakini mwambie mumeo kwetu Awuor ni jina la aliyezaliwa katikati ya usiku. Wewe umeandika maji ya bata yaliganda, kwa hiyo alizaliwa asubuhi. Basi mmemdanganya mtoto. Akikua akiuliza, mwambieni nyanyake alisema amsamehe baba yake, hakujua saa.

Huku wameleta mashine ya kufua. Imekaa pale mlipokuwa mkicheza wewe na paka. Inanguruma kama ng'ombe mwenye ndama aliyepotea, na inazungusha shuka arobaini mara moja. Tuko wanawake tisa tumesimama tunaitazama. Mmoja ameuliza, "Na huyu atalala chumba gani?" Tumecheka sana. Unajua vyumba vyetu ni vya kazi. Ukiwa na kazi una mlango.

Sasa nijibu swali lako kwa swali. Karani akija kuhesabu, wewe uko kwenye tikiti ya nani? Fikiri kabla hujafungua mdomo.

Nimetuma sabuni vipande vinne, karatasi za kuandikia, na buluu kidogo kwa pua ya Naliaka.

Mama yako,
Awuor


Keringet,
3 Juni 1956

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa watu wanne, mmoja hana meno. Sabuni imefika, karatasi ndiyo hii, na buluu Naliaka ameila. Usiogope, ni kidogo, na ulimi umerudi rangi yake. Hali yako je? Ile mashine imekupunguzia kazi, au imewapa kazi ya kuitazama tu?

Barua yako ilinifikia siku nne baada ya karani kuondoka. Ninataka kukuambia jambo, na ninakuambia wewe kwanza kwa sababu sijamwambia Wamalwa lote.

Karani jina lake ni Dalmas, kijana mpole. Viatu vyake vilikuwa vyeusi aliposhuka garini, na alipofika mizanini vilikuwa vyekundu kwa udongo. Akawekewa meza. Wanaume wakaitwa mmoja mmoja na tikiti zao. Wanawake hawakuonekana. Wengine walikuwa nyuma ya nyumba ya kukaushia, wengine ndani ya mahindi, wamelala chini na vikapu vyao.

Si ujinga, Mama. Asubuhi ile Chepkemei, ambaye amechuma hapa miaka mingi kuliko sisi sote, alitukusanya kisimani. Alisema, "Mara ya mwisho watu kuandikwa hapa ilikuwa mwaka hamsini na tatu. Waliandikwa asubuhi. Kabla ya chai ya saa kumi lori za kuwahamisha walioandikwa zilikuwa zimefika. Nekoye, nyumba unayolala wewe ilikuwa ya jirani yetu Wamaitha. Unajua aliacha nini mekoni?"

Nilijua. Chungu chake ndicho ninachopikia.

"Basi," akasema, "mwenye kupenda kuandikwa aende akaandikwe."

Mimi sikuenda mahindini kwa sababu mtoto alikuwa akilia, angetufichua sote. Nilibaki nimesimama njiani na kikapu kimejaa mgongoni na Awuor kifuani. Karani akaniona.

"Wewe mama, unafanya kazi hapa?"

Macho ya wenzangu yalikuwa yakinitazama kutoka kwenye majani ya mahindi. Na nilifikiri pia: nikisema ndiyo, ataiangalia tikiti ya Wamalwa na kuuliza alama ni za nani. Nikasema, "Hapana, bwana. Tunasaidia tu."

"Mnasaidia nani?"

"Wenye tikiti."

Akacheka vizuri, bila ubaya. "Basi nyinyi ni wageni wazuri," akasema, akaandika. Watu wa kazi, thelathini na wanane. Akafunga daftari.

Siku ile wenzangu walinishukuru. Chepkemei aliniletea mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, alisema nina akili ya shule. Nilikunywa.

Sasa mwezi uliopita karatasi ilirudi, Kipkemei akaisoma mizanini. Imeandikwa kwamba pareto yote ya shamba hili inachumwa na watu thelathini na wanane. Kwa hiyo hata ikiongezeka, mwaka 1961 watu hamsini watatosha. Kwa hiyo itajengwa landhi ya mawe, kwa kuanzia vyumba thelathini na vinane vya mtu mmoja, kitanda kimoja. Nyumba hizi za udongo zitabomolewa mwezi wa Desemba, na wake na watoto watarudi makwao.

Makwao ni wapi, Mama? Mimi nilizaliwa nyuma ya hoteli hiyo. Kimilili kwa kina Wamalwa ndugu wanne wamegawana kipande ambacho ng'ombe akigeuka anakanyaga cha jirani. Wamalwa akibaki peke yake hapa, bila mimi kikapu hakitatosha, visanduku havitajaa, naye atafukuzwa. Nikienda, watoto watamjua kwa barua.

Na ni mimi niliyesema. Si karani, yeye aliandika alichoambiwa. Wanawake wote walijificha lakini mdomo ulikuwa wangu.

Chepkemei haniletei maziwa tena. Hanitukani, ananisalimu tu kwa mbali, na hiyo ni mbaya zaidi.

Niambie nifanye nini. Nimechoka, lakini si uchovu wa kukosa kusikia.

Mwanao,
Nekoye


Nakuru,
1 Julai 1956

Nekoye nyathina, mtoto wangu,

Salamu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Acha kulia, ikiwa unalia. Ikiwa hulii, vizuri.

Ya mashine usiniulize. Una lako, shughulika nalo.

Ni wewe uliyesema, kwa hiyo ni wewe utakayesema tena. Usimtume Wamalwa. Wala usimwandikie karani barua, barua ya mwanamke itafungiwa sukari dukani. Mngoje aje kwa miguu yake aone kwa macho yake.

Nikupe la kwangu. Zamani hotelini walihesabu shuka tu, hakuna aliyehesabu wafuaji. Shuka ikichanika tulipigiwa kelele sote. Shuka ikiwa nyeupe alisifiwa msimamizi. Mimi nilichukua rangi ya mlango nikaandika jina langu kwenye karai langu, AWUOR, herufi kubwa, unazikumbuka, ulikuwa unazifuata kwa kidole kabla hujaenda shule. Watu walinicheka. Lakini tangu siku ile msimamizi akipita husema, "Hili ni la Awuor," na akitaka kazi nzuri anajua karai lipi.

Vikapu vyenu vina majina? Kama havina, ndipo uanzie.

Nimekutumia sindano ya gunia na uzi mwekundu wa sufu, donge kubwa. Usiuonee huruma, utumie wote.

Na huyo Chepkemei usimkasirikie. Ana haki ya kuogopa. Mwogope naye pamoja, kisha mfanye kazi.

Mama yako,
Awuor


Keringet,
16 Septemba 1956

Mama, Mama, Mama,

Leo siulizi hali kwanza, nitauliza mwishoni, nisamehe.

Uzi ulifika. Nilianza na kikapu changu. Nilishona NEKOYE kwenye ukingo, nikaenda nacho shambani kama kawaida. Kesho yake wawili wakaniuliza ni urembo gani huo. Nikasema si urembo, ni ili kikapu kijulikane ni cha nani. Wakataka. Wasiojua herufi walichagua alama, mmoja kuku, mmoja nyota, mmoja alisema nimshonee kitu chochote ambacho mke mwenzake hana. Nilishona wakati wa kunyonyesha, mkono mmoja kwa mtoto, mmoja kwa sindano. Nimejichoma hadi vidole vyangu vimekuwa kama vyako.

Chepkemei alikataa. Nilimwendea nyumbani.

"Ukinishonea alama na lori ikaja?" akaniuliza.

"Ikija itanikuta mimi mbele. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza barabarani."

"Ndiyo maana mimi nitajificha nyumba ya mwisho."

"Chepkemei," nikasema, "Desemba wanabomoa zote, ya kwanza na ya mwisho. Ulijificha na bado tunaondolewa. Mimi naogopa kama wewe. Lakini safari hii nataka nikiogopa niwe nimesimama."

Mtoto akamshika ushanga. Mwishowe akasema, "Nishonee pembe ya ng'ombe. Na uishone vizuri, isifanane na ndizi."

Wiki iliyopita karani Dalmas alirudi na Bwana Kofia mwenyewe, mwenye shamba, kupima mahali pa landhi. Ni wakati wa maua mengi. Wanawake walikuwa wamekubaliana. Jioni tulileta vikapu mizanini sote kwa pamoja, tukavipanga mstari chini. Kipkemei alikunja uso. Anajua siku zote tunaviacha nyuma ya nyumba ya kukaushia, wanaume ndio wanavipeleka.

Karani akahesabu kwa kalamu, midomo ikicheza. "Nyapara, hivi vikapu tisini na tano ni vya nani?"

"Vya wenye tikiti," akasema Kipkemei.

"Watu thelathini na wanane wana vikapu tisini na tano?"

Kipkemei akaigeuzageuza kofia aliyoishika mkononi. Ni mtu mwema, Mama, lakini hajazoea kuulizwa.

Karani akasema, "Kila mtu asimame nyuma ya kikapu chake."

Wamalwa akasimama nyuma ya chake. Wanaume wote wakasimama. Ikabaki mistari ya vikapu bila watu, vyekundu ukingoni. Hakuna mwanamke aliyesogea. Nikasogea mimi. Nilisimama nyuma ya jina langu na Awuor mgongoni. Nikahesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu, nne. Kisha Chepkemei akapita mbele ya Bwana Kofia kana kwamba anapita mbele ya mbuzi, akasimama nyuma ya pembe yake. Ndipo wote wakaja.

Bwana Kofia akatoa kiko mdomoni. "Hii bibi yote iko kazi?" akamuuliza Kipkemei, kwa Kiswahili chake kile.

"Iko, bwana. Siku mingi."

Karani alikuja hadi mbele yangu. "Wewe ndiye uliyeniambia mnasaidia tu."

"Ndiyo, bwana. Nilikosea. Andika tena."

Alicheka tena, lakini safari hii kwa aibu. Akakaa juu ya gunia, akafungua ukurasa mpya. Alituuliza majina, na tumechuma miaka mingapi, na kila mmoja ana watoto wangapi wa mgongoni. Alipomaliza alikuwa na wanawake hamsini na saba. Usiku ule lori haikuja. Chepkemei hakulala, alikaa mlangoni kwangu na mkuki wa marehemu mumewe, na asubuhi alidai chai.

Sijui karatasi itasema nini. Lakini iwe iwavyo, tumesimama. Mama, ni uzi wako ule. Nimebaki na kipande kama urefu wa mkono, nimekiweka ndani ya Biblia.

Sasa hali yako? Mgongo? Ng'ombe wenu wa chuma bado anamtafuta ndama?

Mwanao anayekushukuru,
Nekoye


Keringet,
2 Desemba 1956

Mama,

Barua hii ninampa Wamalwa mkononi, na ile ya Septemba nimeiweka ndani yake. Isome ile kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma? Basi angalia bahasha yake. Ilirudi kwangu mwezi wa Oktoba imeandikwa kwa kalamu nyekundu: hayupo hapa tangu Juni.

Tangu Juni. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Barua yako ya "ya mashine usiniulize" ni ya Julai. Kwa hiyo ulipokuwa unaniambia nishughulike na langu, wewe ulikuwa huna kazi wala mlango. Niliandika mara mbili kwa mapadri wa huko, sikupata jibu. Wiki iliyopita Wamalwa alikwenda Nakuru na lori la pareto, nikamwambia asirudi bila habari yako hata kama ni ya kaburi. Amekupata mtaa wa Bondeni, unalala jikoni kwa yule mama muuza samaki, na unafua nguo za watu kwenye karai lako.

Amesema umekonda. Amesema ulimkataza kuniambia, na akaniambia kabla hajaketi. Hilo mshukuru, usimtazame vibaya.

Kisha nilimuuliza umevaa nini, maana mvua hizi zina baridi hata huko. Akasema kanga mbili. Nikauliza, "Na ile sweta yake nyekundu?" Akasema hakuiona. Nilikuwa nimesimama mizanini, Mama. Nikavitazama vikapu.

Sufu nzuri, nilijiambia Julai, imejikunjakunja kidogo kama iliyowahi kuvaliwa. Niliiona na sikuielewa. Uliifumua sweta yako ukiwa huna pa kulala, ukaniandikia nisiionee huruma. Nimekukasirikia na ninakushukuru, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kinatangulia. Wanawake hamsini na saba wamesimama nyuma ya sweta yako. Nimewaambia. Chepkemei aliivua skafu yake akaniambia nikuletee, imo ndani ya mzigo huu. Inanuka moshi, vumilia.

Sasa sikiliza, na safari hii ni mimi ninayesema na wewe unayesikia.

Karatasi mpya imefika. Landhi itajengwa, lakini ni vyumba vya familia, na nyumba zetu hazitabomolewa hadi vyumba vikamilike. Kila mchumaji atakuwa na tikiti yake. Yangu ninayo. Imeandikwa Nekoye, si mke wa Wamalwa, na ina visanduku vinne vyenye alama tayari. Naliaka anailalia.

Karani Dalmas alitusomea na ya mbele. Kwenye ngano, mashine moja itafanya kazi ya watu ishirini, na watu hao watakuja huku kutafuta pareto. Pareto itazidi hadi 1961. Nilimuuliza, "Na baada ya hapo?" Akasema, "Mama, miaka mitano ndiyo ninayoiona kwenye karatasi. Ya sita hata mimi siioni." Nilimpenda kwa kusema hivyo. Wewe uliniambia shamba halina kesho, na mimi nikakuambia mji hauna huruma. Wote wawili hatukujua, Mama. Shuka bado zinachafuka, ila hawakuhitaji mikono yako tena. Tusiulizane tena nani alisema kweli.

Lakini mwishoni mwa karatasi kuna mstari ambao haukuwepo kabla. Kwa sababu wachumaji ni wanawake, na watoto wa mgongoni ni arobaini na mmoja, na kikapu hujaa haraka mgongo ukiwa mtupu, shamba litaajiri walezi wa watoto, watu wawili, kuanzia Januari, pamoja na chumba chao. Walezi wawili, Mama. Kazi hiyo mwaka jana haikuwepo duniani. Chepkemei amechukua moja, magoti yake yamechoka na mistari ya pareto. Ya pili wanataka mtu mzima msafi, anayejua kuandika majina ya watoto.

Nikamwambia karani, "Ninaye."

"Ni nani wako?"

"Mama yangu. Awuor."

Akaniangalia. "Wewe si Mbukusu?"

"Ndiyo, mimi Mbukusu, na mama yangu ni Awuor. Andika."

Akaandika. Kwa hiyo usiniambie hutaki kuwa mzigo. Sikuiti uje kukaa kwangu ukila ugali wa mwanao, ingawa ungekuwa na haki hiyo. Kuna mlango, na ni wa kazi yako. Najua hutakubali la namna nyingine, ndiyo maana sikukuita hadi nilipolipata hili. Utachoka, nakuonya. Ni arobaini na mmoja, na mmoja wao anakula buluu.

Umenitumia blanketi, sabuni, karatasi, sindano na uzi. Sijawahi kukutumia kitu. Na bado nitakuomba, kwa maana kuna vitu ninavyovihitaji kutoka kwako na ukimpa Wamalwa leo vitanifikia Ijumaa:

Jina lako lote kama ulivyobatizwa, na jina la baba yako. Karani anafunga orodha tarehe kumi na tano, na mimi nimeona haya kumwambia kwamba jina la baba yako silijui.

Uzi uliopimwa kifuani mwako, na mwingine kutoka begani hadi kiunoni. Chepkemei ana kondoo, na mimi nina sindano za kufumia. Pima juu ya nguo, usijipunguze.

Ule ubao wangu mdogo wa shule uliovunjika pembe, kama bado unao.

Karai lako lenye jina. Hilo usimpe Wamalwa. Lilete mwenyewe.

Mwanao,
Nekoye